Mstari Mweupe kwenye Nati

Kila siku baada ya sala ya alasiri, Zuwaina alifunga ushungi wake nyuma ya shingo, akavaa viatu vyake vya zamani na kwenda uani kwa kaka yake Musallam. Pikapu ndogo nyeupe ilikuwa imesimama juu ya stendi za chuma, haina hata gurudumu moja. Musallam alikuwa akiiandaa kwa ajili ya kupanda mchanga. Alikuwa ameifungia springi ndefu ili iinuke, shokapu mpya, na bamba la chuma la kuikinga injini kwa chini. Matairi mapana yalisubiri ukutani. Mwaka mzima mshahara wake ulikuwa ukiishia hapo, kwa sababu Idi iliyopita alikwama katikati ya kilima kikubwa cha mchanga, na vijana wote wa mji wao wa Bidiya wakamcheka. Safari hii, Sikukuu ya Pili, alitaka kufika juu.

Kazi ya Zuwaina ilikuwa ya mwisho. Alishika spana ndefu, ile inayolia "tak" nati ikikaza sawasawa, kisha akapiga mstari mwembamba wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma cha pembeni. Baba yao, Hilal, ndiye aliyewafundisha desturi hiyo. Palipo na mstari, hakuna anayeuliza tena. Mstari ukikatika, ujue nati imezunguka.

Mkesha wa Idi, binamu yake Jokha alichungulia langoni.

"Wewe bado umelala chini ya gari? Mpakaji hina ameshafika, na foleni ndiyo hiyo. Haya, kaa hapo, kesho utampa bibi mkono wa grisi."

Zuwaina alikuwa amemaliza upande wa kulia. Zilibaki nati za kushoto, zinazobana springi kwenye ekseli. Musallam alikuwa mbali, anajaza matairi upepo. Zuwaina akajiambia kwamba kaka yake alishazikaza kidogo kwa mkono, haziwezi kwenda popote. Akachovya brashi, akapiga mistari haraka haraka bila kugusa spana, akakimbilia hina.

Asubuhi ya Idi walianza safari ya kwenda kwa bibi, anayeishi mchangani na ngamia wake. Zuwaina alipanda gari la baba, na Musallam akafuata na pikapu iliyobeba pipa la maji. Walipoingia mchangani walisimama kupunguza upepo kwenye matairi ili yasizame, wakaendelea. Kwenye mteremko wa kwanza ulisikika mshindo. Zuwaina aligeuka, akaona pikapu imekwenda upande, ekseli ya nyuma imechomoka mahali pake, pipa linabingirika na maji yote yanamezwa na mchanga.

Musallam alitoka na mdomo unavuja damu. Baba alilala chini ya pikapu, akakaa huko muda mrefu. Mistari yote ya kushoto ilikuwa imekatika.

"Nani alikaza huku?"

Zuwaina aliinama, akaitazama hina yake.

"Mimi, baba," alisema Musallam, bila hata kumtazama dada yake.

Baba akanyoosha mkono. "Lete ufunguo wa gari. Mtu anayepaka rangi juu ya nati iliyolegea hapandi kilima chochote. Kesho utakaa na wanawake, utakata nyama."

Musallam alitoa ufunguo. Zuwaina alitamani ardhi ipasuke immeze.

Pikapu waliiacha pale, wakaenda wote kwa gari la baba. Kwa bibi watu walikula na kucheka. Zuwaina hakugusa chakula. Kila alipomwona kaka yake akifuta mdomo uliovimba, machozi yalimlengalenga. Kisha bibi alimshika viganja na kuvigeuza.

"Tazameni hina ilivyokolea. Mikono ya mtoto mwema hii."

Hapo Zuwaina hakuweza tena. Aliichomoa mikono, akaificha mgongoni, akamwambia baba mbele ya wote kwamba mistari ile ni yake, kwamba spana hakuishika, kwamba alikimbilia hina. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Baba alimtazama Musallam. "Na wewe ukanidanganya."

"Ni mdogo, baba. Na leo ni Idi."

Baba akasema taratibu, "Nati haishikwi na rangi, Zuwaina. Inashikwa na mkono uliofanya kazi. Rangi ni neno lako tu, na kaka yako aliweka roho yake juu ya neno hilo. Kazi usipoimaliza, sema sijamaliza. Aibu ya kusema hivyo ni ya dakika moja. Hii unayoisikia sasa utakaa nayo."

Mchana ule walirudi kwenye pikapu, wakarudisha ekseli mahali pake kwa jeki. Zuwaina alifuta mistari yote kwa petroli, hata ile ya kulia aliyoifanyia haki, akakaza upya kila nati mpaka ikalia, ndipo akapaka. Alipomaliza, Musallam alichukua spana na kupima kila moja nyuma yake. Zuwaina alisimama akitazama, akaona anastahili kukaguliwa hivyo. Jioni baba alimrudishia Musallam ufunguo.

Kesho yake pikapu ilifika juu ya kilima. Vijana wakapiga honi na kushangilia. Zuwaina alikuwa akitazama magurudumu ya nyuma tu.

Hina ilififia, lakini kila Ijumaa Zuwaina alipokaza nati, Musallam alipita nyuma yake na spana. Shule zilikuwa zimeshafunguliwa siku Musallam alipoinama, akaitazama mistari mibichi, akairudisha spana sandukuni na kuwasha gari.

"Panda, fundi," alimwambia. "Twende tukampelekee bibi maji."