Sauti Kwenye Kigoda Kitupu

Kwanza ilikuja harufu ya kitambaa kinachoungua, ilhali pasi zote zilikuwa zimezimwa. Mafundi cherehani walitazamana, kisha wakaendelea na kikao. Vikao vyao vilijulikana: mwenyekiti husema, wengine husubiri "mengineyo" wakanywe chai.

Siku hiyo mengineyo yalikuwa mazito.

"Macho ya Shangazi yamekwisha," mwenyekiti alisema, bila kumtazama mama aliyewafundisha wote kushika sindano. "Anaharibu nguo za wateja. Natoa hoja apumzike. Nani anaunga mkono?"

Kwa desturi yao, hoja isiyoungwa mkono hufa palepale. Wote wakanyamaza, wakijiona wema.

"Naunga mkono."

Sauti ilikuwa kavu, na ilitoka pembeni, kwenye kigoda kisicho na mtu. Mwenyekiti aligonga meza haraka. "Imepita." Hakuna aliyeuliza nani kasema. Shangazi alikunja futi yake ya kupimia, akatoka akipapasa ukuta. Cherehani yake ya dirishani akapewa binti wa kaka yake, fundi mwenzao, ambaye Shangazi alimlea mwenyewe. Binti aliipokea, akainamisha uso kwa aibu.

Tangu hapo kigoda kikawa kinalia kama kuna mtu anajiweka sawa, cherehani zikashona zenyewe mchana kweupe, na kila hoja, hata ya kipuuzi, hata ya kumfukuza mjamzito anayeshona vifungo, iliungwa mkono na ile sauti kabla mtu hajameza mate, mpaka wakawa wanaingia kikaoni wameshikana nguo kama watoto.

Mganga waliyemwita hakufukiza kitu. Alinusa tu.

"Huyu jini hakutumwa. Amekuta vinywa vimefungwa, akapata pa kusemea. Mleteni yule mama. Mmoja wenu aseme mbele yake, kwa sauti: napinga. Hapo jini atatoka."

Shangazi aliletwa, haoni tena hata kivuli.

"Haya, nani anapinga?" mganga aliuliza.

Wote wakachunguza vidole vyao vya miguu. Binti aliona haya, akasimama. Neno lilikuwa tayari ulimini. Ila jicho likamponyoka, likaenda dirishani, kwenye mwanga mzuri ulioiangukia cherehani. Akafungua kinywa.

"Naunga mkono," kinywa kikasema, kwa sauti ile kavu, na pumzi yake ikanuka kitambaa kinachoungua.

Shangazi alinyoosha mkono, akampapasa uso taratibu.

"Kumbe siku ile ulikuwa wewe, mwanangu."