Dawa Zisizopitiwa na Jicho

Asubuhi hiyo boksi la dawa lilifika lina joto, na lilinuka damu mbichi.

"Dada, hili linapumua," alinong'ona msaidizi wa miaka mingi.

"Linapumua nini? Fungua, wateja wanangoja."

Mfamasia alikuwa mtu wa haraka. Siku hizo dawa hazikuandaliwa tena dukani kwake. Vyeti vya daktari vilitumwa kwa wakala nje ya mji, huko vidonge vikitiwa kwenye paketi na kufungwa kwa lakiri nzuri. Yeye alitakiwa kuzikagua kabla ya kugawa, naye hakukagua. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Hata hivyo joto lile lilimkera. Akampigia simu wakala.

"Hivi huko mnakagua?"

"Sisi?" Sauti ilishuka. "Tulidhani mnakagua nyinyi."

Wakati huo kinyozi wa jirani, mgonjwa wa presha, alikuwa ameshameza kidonge chake cha boksi lile pale kaunta. Glasi ilimpasukia mkononi. Shingo ikageuka taratibu, ikilia kama kuni kavu zinazovunjika, hadi uso ukatazama mgongoni, kisha akamshika msaidizi na kumvunja vidole kimoja kimoja, huku jini aliyemwingia akisema kinywani mwake, kwa sauti ya chini yenye furaha, "Nimepita mikono yote, hakuna aliyeniangalia." Kinyozi akaanguka, maiti.

Mfamasia hakulia. Paketi ya kwanza ya boksi lile alikuwa ameshaituma kwa pikipiki nyumbani, kwa mama yake.

Akatoka mguu niponye, akivuka barabara bila kutazama magari, akipiga simu isiyopokelewa, akimwomba Mungu mama awe amesahau dawa kama anavyosahau kila siku, na alipousukuma mlango akamkuta kitini, koo likipanda na kushuka. Alimrukia, akamtia vidole kooni. Meno yakamkata hadi mfupa, damu ikamtiririka hadi kiwiko, lakini hakuvitoa, akazidi kusukuma huku akilia, "Nisamehe mama, tapika," mpaka mzee akatapika, na kidonge kikaanguka sakafuni, kikatetemeka, kikatulia.

Mama akafumbua macho. Yalikuwa yake mwenyewe.

"Pole, mwanangu. Umeumia sana?"

Mfamasia akamkumbatia, kicheko na machozi pamoja. Ndipo alipotazama sakafuni: kidonge kilikuwa kimoja tu.

Dozi ya mama ilikuwa vidonge viwili.

Mikono ya mama iliyomkumbatia ikaanza kukaza.