Sarafu Iliyooshwa

Kitambaa kilikuwa kimelowa. Doa dogo tu, la ukubwa wa kidole gumba, chini ya sarafu ya Don Eleuterio. Doña Zulma, mwenye nyumba, alidhani ni mchuzi wa salteña, kiandazi cha nyama, umedondoka. Akapangusa kwa leso. Leso ikanyanyuka na uzi mrefu, mzito, kama mlenda.

Walikuwa wanne, kama kila Jumapili ya mwisho ya Agosti, sebuleni kwa Zulma, mjini Potosí, saa nne asubuhi. Kila mmoja alileta sarafu anayoipenda kuliko zote, na mezani palikuwa na kikombe cha maharage ya kukaanga ya kupigia kura. Mshindi hupewa sahani ya bati yenye picha ya punda. Watu wazima, wawili kati yao wana shahada, na wangeuana kwa ajili ya huyo punda. Eleuterio, mwalimu mstaafu wa historia, alikuwa amemtwaa mara sita.

Chama chao cha wakusanya sarafu kilikuwa na sheria moja: sarafu haioshwi. Weusi ndio umri wake. Anayeusugua anafukuzwa, hata awe nani.

Sarafu ya Eleuterio, ya fedha, ya zamani, iliyogongwa kwa nyundo, yenye alama ya msalaba, iling'aa kama kijiko kipya.

"Mzee, hii umeisugua," alisema Rómulo, fundi saa.

"Mimi? Niliinunua hivi hivi."

"Hivi hivi, na dawa ya meno bado imeganda kwenye msalaba?"

"Wivu unakutesa, Rómulo. Oa."

Jhanneth, mfamasia, akacheka, akang'ata salteña yake. Alitema kiganjani.

"Doña Zulma, samahani. Mchuzi una ladha ya mdomo."

"Mdomo gani?"

"Wa mtu mwingine."

Ndipo harufu ikawafikia wote: jino bovu, na bakuli la meno bandia lisilobadilishwa maji wiki nzima. Sarafu ilikuwa inatoa mapovu pembeni.

"Nani alikuuzia?" Zulma aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mchimba makaburi mmoja. Akasema nisiioshe, na sikuiosha."

"Bibi yangu alikuwa akiosha maiti. Waliokufa na uongo mdomoni waliwekewa sarafu chini ya ulimi, uongo usitoke ukatafuta mtu mwingine. Ule weusi ndio uliokuwa kufuli. Eleuterio, sema umeiosha. Tutairudisha kaburini leo hii, wala hatutakufukuza. Uongo ukitoka, mwongo ndiye atakayeanza kuingiwa nao."

"Mambo ya vikongwe haya."

"Sema, baba."

Eleuterio akaketi wima, kama yuko mbele ya darasa. Alimtazama punda wa bati pale rafuni.

"Sijaiosha," akasema.

Kitambaa kikawa kitupu.

Hakuna aliyeiona sarafu ikiondoka, ila wote walisikia meno ya Eleuterio yakigonga chuma, kisha wakamwona akishika shavu, macho yamemtoka, na ute wa kijivu ukimchuruzika kidevuni hadi kwenye tai yake ya Jumapili, ute usiokatika, wenye vipande vya kitu ambacho Jhanneth, aliyezoea vidonda vya watu, aliapa baadaye kuwa ni ufizi, na alipomshika taya na kuunyanyua ulimi kwa mpini wa kijiko alikuta nyama imeshaota juu ya sarafu, nyekundu na laini kama ya mtoto mchanga, na kando yake ulimi wa pili, mwembamba, wa kijivu, ukiilamba ile fedha taratibu kama paka anavyomlamba mwanawe.

"Sema," Zulma alinong'ona huku analia. "Hujachelewa. Sema umeiosha."

Alijitahidi. Shingo ilimvimba, machozi yakamtoka, akatikisa kichwa kukubali, mara mbili, mara tatu. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mzee mwingine, mwenye adabu nyingi.

"Sijaiosha, bibi."

Rómulo akarudi nyuma, akaigonga meza. Hapo ndipo walipoyaona maharage. Hakuna aliyekuwa amepiga kura, lakini kikombe kilikuwa kitupu, na maharage yote yalikuwa mbele ya kitambaa cha Eleuterio, yamepangwa mstari, yamelowa, yametafunwa.

Eleuterio akafumba mdomo, akanyoosha mkono kumchukua punda wake.