Mbao Nyuma ya Nyumba

"Nimesema mbao haziondoki hapo! Kwani zimekuomba chai?"

"Hazijaniomba chai, jirani. Zinaomba moto!"

Wawili hao walikuwa wakirushiana maneno juu ya ua. Mmoja ni Mama Cherehani, fundi wa nguo, mjane wa mwaka wa tatu. Mwingine ni jirani yake, Mzee Redio. Aliitwa hivyo kwa sababu akishaanza kusema, hana kitufe cha kuzima.

Ugomvi uliletwa na moshi. Siku ya nne sasa, moshi ulikuwa unaonekana nyuma ya kilima. Nyasi zilikuwa zimekauka kau. Upepo wa mchana ulivuma kuelekea kijijini. Na nyuma ya nyumba ya Mama Cherehani, mbao ishirini zilikuwa zimeegemezwa ukutani, chini ya paa.

"Ukiungua wewe, naungua na mimi!" alisema Mzee Redio.

"Mdomo wako ndio utakaotuunguza," alijibu Mama Cherehani, akampa mgongo.

Lakini alipofika kwenye mbao, hasira zilimwisha. Mumewe alizipasua kwa mkono wake. Kila ubao aliuandikia namba kwa penseli, karibu na ncha, moja hadi ishirini. Alitaka kujenga chumba cha wageni. Alipenda watu, mume yule. Enzi zake, mlangoni hapakukosa viatu vya mtu. Akaugua kabla hajapigilia hata msumari mmoja. Sasa jioni mlangoni palikuwa na jozi mbili tu za ndara: za Mama Cherehani na za mama mkwe wake.

Kila asubuhi, pasi ya mkaa ikiwa inapata moto, Mama Cherehani alikwenda nyuma akapitisha kidole juu ya namba zile. Saba ilikuwa na kistari katikati. Ndivyo mumewe alivyoiandika siku zote. Aliona akizihamisha mbao, na kile chumba kitakuwa kimekufa.

Mchana huo alikuja mlinzi wa msitu. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye filimbi shingoni, na watu walimwita Bi Filimbi.

"Hodi! Nimekuja kuona mmejiandaaje na moto."

"Karibu. Sisi tumefagia," alisema Mama Cherehani kwa fahari.

Kweli, uwanja wa mbele uling'aa. Hapakuwa na jani hata moja. Bi Filimbi alitikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akazunguka nyuma. Huko alikuta majani yote ya uwanja wa mbele. Yalikuwa yamesukumwa mpaka ukutani. Palikuwa na magunia ya vipande vya vitambaa. Palikuwa na kuni. Na mbao.

"Dada yangu, mbele mmemfagilia mgeni," alisema. "Moto je, utabisha hodi mlango wa mbele?"

Mama mkwe alicheka huko alikoketi juani, kando ya mbao. Mama Cherehani hakucheka.

"Moto wenyewe bado uko mbali," alisema.

"Moto uko mbali, cheche haziko mbali. Upepo unazibeba, zinatangulia. Cheche moja ikianguka kwenye udongo mtupu, inazima. Ikianguka kwenye majani haya, inashika. Majani yanawasha mbao, mbao zinawasha paa. Nyumba nyingi huungua hivyo, moto mkubwa hata haujafika."

"Tufanye nini?"

"Safisha hatua kumi na tano kuzunguka nyumba yote. Fyeka nyasi, ondoa majani, mpaka juu ya paa. Kata matawi yanayogusa bati. Ziba matundu chini ya paa ili cheche zisiingie. Kuni, magunia na mbao, vyote viende mbali."

"Mbao haziendi."

Mama mkwe aliinuka, akaweka mkono juu ya mbao.

"Mwanangu," alisema taratibu, "yule alikuwa mtoto wangu kabla hajawa mume wako. Ukiwa kwenye cherehani, na mimi huja kuzishika mbao hizi. Unadhani nafuata jua huku nyuma? Lakini hakuzipasua ili zituchome."

Mama Cherehani alifunika uso kwa upande wa nguo yake. Halafu akainama, akauinua ubao wa kwanza.

Walifanya kazi siku mbili. Mbao zilipelekwa kwa mpangilio, moja hadi ishirini, mpaka kwenye udongo mtupu mbali na nyumba. Zikafunikwa kwa mabati na mawe. Mzee Redio alisimamia kazi akiwa ameshika kikombe. "Si nilisema? Si nilisema?"

"Na kwako, mzee?" aliuliza Bi Filimbi.

"Kwangu kuko safi!"

Siku ya tatu, mchana, filimbi ililia. Anga lilikuwa la rangi ya kutu. Mama Cherehani alifunga madirisha na milango. Yeye na mama mkwe walivaa viatu na nguo ndefu za pamba. Mfuko wa vyeti ulikuwa tayari. Lakini njiani Mama Cherehani alisimama, akageuka.

"Nichukue ndoo tu, nilinde mbao."

Bi Filimbi alimshika mkono. "Mbao hupasuliwa nyingine. Wewe tutakupasua wapi? Twende, njia bado iko wazi."

Wakaondoka mapema, kwa barabara ya chini, mpaka uwanja wa shule. Mzee Redio alikuwa nao.

Kesho yake waliruhusiwa kurudi. Nyasi zilikuwa zimeungua mpaka ukingo wa ardhi iliyofyekwa, zikakoma hapo, kama kitambaa kilichokatwa kwa mkasi. Nyuma ya nyumba, udongo ulikuwa na madoa meusi ya cheche zilizozima. Nyumba ilikuwa imesimama.

Mama Cherehani alikimbilia mbao. Ubao mmoja ulikuwa umechungulia nje ya bati, na ncha yake imeungua. Ulikuwa wa saba. Namba ilikuwa imefutika. Aliketi chini akalia, akalia vya kutosha. Kisha akatoa chaki yake ya kukatia nguo. Akaandika saba, na kistari katikati.

"Mwezi ujao tumwite fundi seremala, mama," alisema. "Tuanze na namba moja."

"Umechelewa hata kusema," alijibu mama mkwe.

Ng'ambo ya ua, Mzee Redio alisimama mbele ya majivu. Jiko lake lilikuwa la nyasi, na alikuwa amelijaza kuni. Halikubaki kitu. Alikuwa kimya.

"Leo redio imeisha betri?" aliuliza Mama Cherehani.

"Betri zipo, jirani. Kituo ndicho kimeungua." Alifuta macho. "Nilikusema wewe, kwangu sikutazama."

"Kesho tutakusaidia kufyeka. Jiko jipya tutaliezeka bati."

"Nashukuru. Ngoja basi nitafute mahali pa kuchemshia hata maji..."

"Maji ya nini, jirani? Ingia ndani, chakula kipo."

Mzee alisitasita, akajipangusa majivu mikononi. Sauti ya mama mkwe ikatoka ndani, kali na ya furaha:

"Huyo anangoja aandikiwe barua? Mwambie aje tule!"