Maji ya Moto Bila Hodi

Kitu cha kwanza kilikuwa harufu. Shuka zilitoka kwenye mashine zikiwa nyeupe pe, zimekamuliwa vizuri, lakini zilinuka nywele zilizoungua. Waithira alizinusa mara mbili, kisha akamwita mumewe. Njau akaja ametunisha kifua, maana mashine ile aliifunga kwa mikono yake mwenyewe na hakutaka kusikia neno.

Na kusema haki, aliifunga vizuri. Njau ni fundi wa mitambo kwenye kiwanda kimoja kule Ruiru, si mtu wa kubahatisha. Alitoa zile bolti nne za nyuma zinazozuia dramu isicheze safarini, jambo ambalo wengi hapa mtaani Ngoingwa husahau kisha wakailaumu mashine. Akaweka pima maji juu yake, akazungusha mguu mmoja mmoja hadi kile kipovu kikatulia katikati. Paipu ya maji machafu hakuitumbukiza ovyo kwenye tundu la sakafuni. Alisimamisha ukutani bomba la plastiki linaloungana na tundu hilo chini ya sakafu, hadi usawa wa kiuno, akaitundika paipu kwa juu na kuacha nafasi ya hewa, uchafu usije ukavutwa kurudi ndani. Kitabu cha maelekezo alikisoma kurasa zote. Ila kitabu hakikusema lolote kuhusu Jentrix.

Jentrix alikuwa mama wa kufua. Miaka minne alitoka mtaa wa mabanda wa Kiandutu kwa miguu kila Jumamosi, akafua nguo za nyumba hiyo kwa mikono kwenye bafu hilohilo ilimofungwa mashine. Na alikuwa na desturi moja. Kabla ya kumwaga maji ya moto alichutama kando ya tundu, akagonga sakafu kwa vidole na kusema kwa upole, "Hodi wenyewe. Maji ya moto yanakuja, ondoeni watoto." Kisha alingoja kidogo, ndipo akamwaga. Njau alizoea kumwigiza mbele ya wageni, watu wakacheka mpaka machozi. Mashine ilipofika alimwambia asirudi tena, sasa wana mfuaji asiyesalimia sakafu. Jentrix hakugombana. Aliomba jambo moja tu pale mlangoni, kwamba kila mashine ikikaribia kumwaga, mtu apige hodi. Njau akacheka tena. Maskini wa Mungu, hakujua anacheka nini.

Basi siku ile ya kwanza alichagua moto wa nyuzi tisini kwa sababu ya zile shuka. Mashine ilipoanza kumwaga, Waithira alisikia kitu kikilia ndani ya tundu, kilio kimoja chembamba, kikapanda, kikakatika. Njau akasema ni hewa kwenye bomba. Harufu nayo akasema ni mpira mpya. Huyo mtu alikuwa na jibu la kila kitu.

Jumatano nguo zilitoka zimechanwa vipande vipande. Sare ya shule ya chekechea ya binti yao Shiko, mtoto wa miaka minne, ilikuwa imechanwa kuanzia shingoni hadi kwenye pindo, na ukingo wa kila kipande ulikuwa na alama za meno. Njau aliingiza mkono ndani ya dramu akapapasa pote, hakupata hata mkwaruzo. Akaiwasha tupu aione inavyozunguka. Waithira alikuwa amesimama upande wa pili, vipande vya sare mkononi.

Mashine ile ina uzito wa mtu mzima na ziada. Iliinuka miguu yote minne, ikaruka chumba kizima na kumbana Waithira ukutani, mfupa wa mkono wake wa kulia ukalia kama kuni kavu. Ikarudi nyuma, ikamrukia tena. Njau aliichomoa kwenye umeme. Alisimama na plagi mkononi, waya unaning'inia, huku mashine ikimpiga mkewe mara ya tatu. Halafu ikatulia.

Hospitalini waliambiwa mkono umevunjika mahali pawili. Njau alimweleza daktari kwamba ni mtetemo. Walipofika nyumbani Waithira alimwambia kwa sauti ya chini, "Baba Shiko, muite Jentrix," naye akasema hawezi kumpigia magoti mama wa kufua kwa sababu ya kifaa kilicholegea. Woga ulikuwa umemjaa tele, lakini aibu ilikuwa imemjaa zaidi. Waithira akapiga simu mwenyewe.

Jentrix alifika Jumamosi, jua la saa sita likiwa kali. Njau alimzuia mlangoni. Akaanza kumweleza kwamba hapa ni nyumba ya Wakristo, kwamba Jumatatu angeleta pampu nyingine, na alipokuwa katikati ya maneno hayo wote watatu walisikia mlango wa mashine ukijifunga kule bafuni. Kha. Waithira akageuka kuangalia mkeka wa sebuleni ambapo Shiko alikuwa akicheza, na mkeka ulikuwa mtupu.

Walipofika bafuni, mtoto alikuwa ndani ya mashine. Amekunjwa magoti yamegusa kidevu, viganja vimebanwa kwenye kioo, mdomo wazi bila sauti kutoka, na maji yalikuwa yakiingia ingawa mfereji ulifungwa tangu Jumatano na waya wa umeme ulilala sakafuni mbele ya macho yao, na taa za mashine ziliwaka moja baada ya nyingine hadi ile ya nyuzi tisini, na Njau akachukua nyundo akapiga kioo mara moja, mara mbili, mara kumi, akiita jina la mwanawe, hata nyundo ikarudishwa kwa nguvu isiyo yake ikamtandika mdomoni na meno mawili yakaangukia sakafuni pamoja na damu. Kioo hakikupata hata ufa.

Jentrix alikuwa ameshapiga magoti kando ya tundu. Aligonga kwa vidole.

"Hodi mwenyewe. Ni mimi Jentrix."

Kisha sauti ya mwanamke, kavu, iliyochoka kwa kulia, ikatoka chini. "Alimwaga. Hakupiga hodi. Mwanangu aliiva."

Jentrix alizungumza na lile tundu kwa muda, kwa kunong'ona, kama unavyozungumza na mfiwa, kisha akamgeukia Njau.

"Maji haya yatoe, mtoto atapikwa. Lakini lisiingie humu hata tone moja. Huyu bado ana watoto wengine chini. Tone likiwafika, Shiko hatoki."

Njau alijua namna ya kuyatoa. Chini kabisa mbele ya mashine kuna kijimlango, na nyuma yake kichujio cha kufungua kwa mkono, ndipo maji hutoka pampu ikigoma. Shida ni kwamba sakafu yote ya bafu huelekea kwenye tundu, vile ambavyo kila fundi mzuri huijenga. Walitega beseni, likarushwa ukutani likapasuka. Jentrix alikunja taulo akaziba tundu, taulo likavutwa chini kwa mkupuo mmoja likapotea. Ndani ya kioo macho ya Shiko yalianza kufumba.

Njau alitema damu, akalala kifudifudi juu ya tundu, akalibana kwa kifua chake, akakumbatia sakafu.

"Fungua," alimwambia mkewe.

Waithira alifungua kichujio kwa mkono wa kushoto. Ndani ya dramu maji yalikuwa ya uvuguvugu bado, lakini yalipotoka nje yalitoka yakichemka, yakamwagika kwenye mgongo wa Njau, shati likashikana na ngozi, ngozi ikaanza kuchunika, naye akauma sakafu kwa meno yaliyosalia na kunguruma kama mnyama, na wakati huohuo chini ya kifua chake kucha zilitoka kwenye tundu zikamshika, zikachimba kati ya mbavu, zikavuta nyama, si kumsukuma aondoke bali kumlipiza kisasi tu, kwa utaratibu, mwanzo upande huu kisha upande ule, na kila alipohisi mwili unataka kuinuka wenyewe alijikandamiza chini zaidi, maana maji yalikuwa yakimpita ubavuni yakitafuta njia, na Waithira na Jentrix walikuwa wakiyasukuma kwa mablanketi kuelekea kizingitini, huku wote wawili wakilia. Halikuingia hata tone.

Mlango wa mashine ukafunguka. Shiko akaangukia mikononi mwa mama yake, mwili wote umelowa, hana hata lengelenge moja.

Njau alilazwa wiki saba. Mgongo ulishonewa ngozi kutoka mapajani. Kifuani alibaki na makovu yaliyoingia ndani, ambayo madaktari walimuuliza habari zake kisha wakaacha kuuliza. Mashine ilichukuliwa na watu wa vyuma chakavu. Kanisani walishukuru mtoto amepona, wakaimba.

Ila Shiko hakuzungumza. Alikula, alilala, alicheza na wenzake nje, lakini neno hakutoa. Koo lilipimwa likakutwa zima kabisa. Walisema ni mshtuko, apewe muda. Njau akaamini, kwa sababu alihitaji kuamini.

Alimwomba Jentrix msamaha, na Jentrix akakubali kurudi kufua. Alikuja siku moja tu. Alichemsha maji, akachutama, akapiga hodi. Akasikiliza. Kisha akasimama akaacha nguo kwenye povu, akajifuta mikono na kuondoka bila kuaga mtu, na tangu hapo simu zao hapokei.

Basi Njau akamalizia kazi mwenyewe. Magoti yalimuuma, mgongo ulivutika. Aligonga sakafu kwa vidole, akasema yale maneno aliyokuwa akiwachekeshea watu, "Hodi wenyewe. Maji ya moto yanakuja."

"Ngoja, baba," Shiko akajibu kutoka ndani ya tundu. "Bado hatujatoka sote."

Aligeuka. Shiko alikuwa mlangoni nyuma yake, kidole mdomoni, anamtazama.

Siku hizi Njau hufua kila siku. Zikiisha chafu hutoa safi kabatini akazifua. Waithira amemwambia nguo zinachakaa, kwamba sare mpya ya mtoto imebaki nyuzi tupu. Njau huweka sufuria ya maji jikoni, na yakichemka hufunga mlango wa bafu, akapiga magoti, akagonga sakafu na kungoja sauti ya mwanawe.