Vyumba vya Penina

Rafiki yangu Erick, fundi kompyuta wa Nkuhungu, hapendi kusimulia jambo hili. Mchana mmoja aliitwa Mkonze na mama mmoja aitwaye Generosa, aliyefiwa na binti yake, Penina, mwaka jana. Penina aliacha kwenye kompyuta yake gemu la kujenga nyumba, na mama yake huingia humo kila siku kutembea vyumbani. Sasa gemu lilikuwa zito, linakwamakwama.

Erick alipuliza vumbi kwenye feni, akaongeza memori, akapunguza ubora wa picha. Likazidi kukwama. Mwishowe akafungua ramani ya nyumba. Ilikuwa na vyumba zaidi ya elfu tatu, na cha mwisho kilijengwa asubuhi ile.

“Mama, nani anajenga?”

“Mimi sijui kujenga, mwanangu. Yeye aliacha vyumba vinne tu. Nikisikia anagonga matofali huwa namfuata, lakini simfikii.”

Umeme ukakatika. Kioo kikazimika, feni ikanyamaza, na sebule yenye mapazia mazito ikawa giza. Generosa akaanza kulia taratibu. Ndipo Erick akasikia, ndani ya spika zisizo na umeme, tofali likiwekwa juu ya tofali, halafu jingine.