Ukuta Uliokataa Kubomoka

Kila asubuhi, kabla ya kujenga chochote, wanafunzi wa uashi walikaa chini uwanjani wakakwangua matofali. Yalikuwa yale yale ya jana na juzi. Mchana walijenga ukuta kwa udongo uliotiwa chokaa kidogo, Fundi akaupima, na kabla ya kwenda nyumbani wakaubomoa. Kesho yake wakakwangua tope lililokauka, wakaanza upya.

"Kwangua, kwangua," alisema Msumeno, akilisugua tofali kama anayegombana nalo. "Tukimaliza hapa tutapewa cheti cha kukwangua."

Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu ya ulimi wake. Alikuwa na miaka kumi na minne, msichana mwembamba mwenye mikono myepesi ya kazi, lakini kila alichosema kilimkata mtu.

"Na huyo Fundi mwenyewe hajui kitu," aliendelea. "Angejua, angekuwa anajenga maghorofa huko, si kukaa hapa kutubomolesha."

"Hebu tuondolee kelele," alisema Kaptula, kijana mrefu ambaye kila suruali aliyovaa ilimfupia. "Wenzetu wangapi wameacha chuo kwa kukusikiliza wewe?"

"Wameacha kwa sababu wana akili. Wewe umebaki kwa kuwa huna pa kwenda."

Kaptula alitupa tofali chini akasimama. Fundi akakohoa mlangoni mwa stoo. Kaptula akakaa, akinung'unika. Fundi alikuwa mtu wa kuagiza tu: jenga, bomoa, rudia. Aliyemuuliza kwa nini alijibiwa, "Ukichoka, geti halijafungwa." Na kweli, wengi walikuwa wamelipita geti hilo hawakurudi.

Msumeno alipangwa kujenga na msichana waliyemwita Kimya. Kazi ile haifanywi na mtu mmoja. Kamba huvutwa toka kona hadi kona, huyu ameikaza upande wake na yule upande wake, ndipo matofali yafuate mstari. Alhamisi, upande wa Kimya ulitokeza nje katikati.

"Jamani, njooni muone!" Msumeno alipiga makofi. "Ukuta umevimbiwa! Kimya, umeulisha nini?"

Watu walicheka. Kimya aliinama, akajaribu kusukuma tofali lirudi ndani.

"Usiuguse, utatapika! Dada yangu, rudi nyumbani ukasuke nywele. Kazi hii imekukataa."

Kimya aliosha mwiko wake, akauweka juu ya matofali, akachukua mkoba, akatoka getini. Fundi alimwona na hakumwita.

"Hongera," Kaptula alimwambia Msumeno. "Sisi wengine utatufukuza lini?"

Jioni hiyo Msumeno aliingia nyumbani amenuna. Aliishi na mama yake mdogo, aliyekuwa akifua nguo za watu kwa mikono. Mama mdogo alikuwa anakamua shuka, vidole vimenyauka kwa maji.

"Umejifunza nini leo?"

"Kubomoa."

"Jana?"

"Kubomoa pia. Mama mdogo, sisi hatujengi kitu pale. Tunapotezewa muda."

Mama mdogo alilitupa shuka kwenye beseni. "Sikiliza wewe. Tangu uanze, kila siku unarudi na matusi, hujanirudia na tofali moja la kunionyesha. Jumatatu napita chuoni niangalie kwa macho yangu. Nisipoona ukuta, unatoka. Utakuja hapa tufue wote."

Msumeno alijibu, "Sawa," kwa sauti ya kibri, lakini usiku usingizi ulimkataa. Alikisema vibaya kile chuo mbele ya kila mtu, na sasa alipoambiwa ataondolewa ndipo alipojua kwamba alikuwa akikipenda. Alipenda tofali linavyokaa juu ya lenzake. Angeonyesha nini Jumatatu, kama kila kitu kilibomolewa?

Ijumaa walisoma nusu siku, na kuta za siku hiyo ziliachwa zisimame hadi Jumatatu asubuhi. Fundi alimtuma Msumeno stoo kuchukua chokaa. Pembeni palikuwa na mfuko wa saruji uliobaki baada ya kutengeneza sakafu ya choo. Msumeno aliutazama, akatazama mlango. Akajaza ndoo saruji, ili ukuta wake usibomoleke.

Alijenga peke yake. Alimwomba Kaptula amshikie kamba, akajibiwa, "Mwite uliyemtimua." Basi akaifunga kwenye kigingi alichokipigilia kwa haraka. Alipanga matofali upesi, hasira imemjaa, hakugundua kwamba kigingi kilikuwa kikisogea kidogo kidogo.

Jumatatu mama mdogo alifika mapema, kanga mabegani, uso umekazwa. Msumeno alimpeleka moja kwa moja.

"Huu hapa. Nimeujenga mimi."

Uso wa mama mdogo ulilegea. Aliupapasa ukuta kwa kiganja. "Kumbe unaweza, mwanangu."

Fundi akaja na timazi, ile kamba yenye uzito wa chuma mwishoni. Aliining'iniza juu ya ukuta. Kamba ilining'inia wima, lakini ukuta uliiacha ukaenda zake upande mmoja. Chini, nafasi baina ya kamba na ukuta ilitosha kupita ngumi.

"Umepinda," alisema Fundi. "Bomoa."

"Sibomoi."

"Kaptula, bomoa."

Kaptula alipiga nyundo. Ukuta haukutikisika. Akapiga tena kwa nguvu. Tofali likapasuka vipande viwili, lakini udongo haukuachia. Fundi alikwaruza kiungo kwa ukucha, akanusa.

"Saruji."

Wanafunzi walimzunguka Msumeno. "Hayo ni matofali yetu sote! Mtihani wa wiki ijayo tutajengea nini?" "Mchoyo we!" "Mtoeni huyu!"

"Kwa hiyo ndicho ulichonileta nione?" mama mdogo aliuliza kwa sauti ndogo, mbaya kuliko makelele yote. "Wizi uliopinda?"

Msumeno aliinama akaokota vipande vya tofali.

"Mwalimu, nifungashe vitu vyake?" aliuliza mama mdogo.

Fundi alifikiri. "Ngoja kwanza. Kundi lake limekosa matofali na limekosa mtu. Avirudishe vyote viwili kabla ya mtihani. Akishindwa, mchukue."

Mchana huo Msumeno alikwenda kwa kina Kimya. Alimkuta akifagia uani. Kimya hakuacha kufagia. Vumbi lilimjia Msumeno miguuni.

"Umefuata nini? Kuna kitu kwetu hujakicheka?"

"Nimekuja tujenge."

"Umekosa wa kukushikia kamba."

"Ndiyo. Ukuta umepinda. Nilitia saruji, na sasa wataniondoa."

"Wakuondoe. Unajua nilivyotembea siku ile? Nilikuwa nasikia vicheko mpaka hapa mlangoni. Baba aliniuliza, nikamwambia naumwa. Naumwa! Kwa ajili yako nimemdanganya baba."

"Nimekosa, Kimya. Upande wako ulitokeza kwa sababu mimi nililegeza kamba upande wangu. Niliona, nikanyamaza, nikakucheka wewe."

Ufagio ulisimama. Kimya aliuegemeza ukutani.

"Nitarudi kwa sababu naitaka kazi, si kwa sababu yako. Na sijakusamehe. Usinizoee."

"Sawa."

"Na huo ukuta, naanza kuupiga mimi."

Aliupiga kweli. Kwa patasi na nyundo waliutoa tofali moja moja, viganja vikitoka malengelenge. Mengi yalivunjika. Kaptula alipita akasema, "Mnachekesha," kisha akakaa chini, akaanza kukwangua yaliyopona. Mengine Msumeno aliyafyatua mwenyewe kwa udongo kwenye kalibu ya mbao, akayakausha juani hadi yakatosha.

Siku ya mtihani kamba ilikazwa pande zote mbili. Fundi aliining'iniza timazi, akachuchumaa, akaangalia. Ukuta ulikuwa wima. Mama mdogo, aliyesimama nyuma na beseni lake, alishusha pumzi.

Fundi aliwaita wote.

"Tunajengea udongo ili kosa la mwanafunzi liweze kurekebishwa. Leo umekosea, jioni unabomoa, kesho unapatia zaidi. Msumeno alilifunga kosa lake kwa saruji, likawa hasara ya kila mtu. Na maneno ya dharau hufanya hivyo hivyo: mwenzako anayejifunza akikosea, ukimcheka, unalifanya kosa lake lisibomoke tena. Anaondoka akiamini hawezi. Sikieni vizuri: kazi hujifunzwa kwa subira, na pamoja." Alifuta mikono. "Haya nilipaswa kuwaambia siku ya kwanza. Walioacha, wengine niliwaacha waende mimi. Kesho nitawafuata majumbani kwao."

"Fundi," alisema Msumeno, "naomba twende wote. Wengine niliwafukuza mimi."

"Twende. Lakini utasema nini?"

Kabla hajajibu, Kimya alisema, "Atasema amekosa. Anajua, nimeshamsikia."